Saa za Dar Kwenye Kaunta ya Falls Church

Jumatatu baada ya Wamarekani kusogeza saa mbele, kama wafanyavyo kila mwaka, nilikuwa nasubiri kwenye kaunta ya kampuni moja ya usafi, hapa Falls Church. Karani, dada wa Tanga, alikuwa amechoshwa na kalenda kuvurugika, akaiweka kompyuta ya ofisi kwenye saa za Dar es Salaam.

"Kwetu saa haiguswi," akaniambia kwa maringo.

Mara akaingia mama wa Bukavu kuripoti zamu yake ya kufagia jengo, saa mbili asubuhi kamili. Kompyuta ikasema saa tisa alasiri.

"Umechelewa kwa saa saba, mama. Zamu imefutwa."

"Aa, dada! Si unaniona hapa? Nikikosa zamu hii wananifukuza!"

"Mimi nakuona. Kompyuta ndiyo haikuoni."

Mama akashika kichwa. Mimi, niliyeshindwa na darasa la saba lakini sijawahi kushindwa na mashine, nikauliza, "Zamu yake inaisha saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Si ndiyo hiyo? Andika amemaliza."

Karani akakikodolea macho kioo cha kompyuta, akakuna sikio, akabonyeza. Kompyuta ikaandika: zamu imekamilika. Mama akanibariki mara tatu, akarudi nyumbani kulala.

"Na kesho usichelewe!" karani akamfokea.

Jengo halikufagiwa siku ile, ila kwenye kompyuta lilikuwa linang'aa.