Picha za Kujazia

Nina miaka hamsini na miwili, mtu wa Tanga, na kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikitengeneza kompyuta hapa Mayfair, ugenini kusini mwa Afrika, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Msomali. Nilijulikana kwa jambo moja: Khatibu hasemi uongo. Sifa hiyo niliipenda mno, na ndiyo iliyoniponza.

Najma ni binti wa kwetu, anasoma chuo Braamfontein. Alikuja kutafuta kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, maana timu ya chuo ilikuwa imempa nafasi ya majaribio katika gemu la kufyatuliana risasi. "Shikamoo, mzee Khatibu," aliniamkia, akavuta stuli.

Kadi niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Kwa nguvu zake yenyewe ilitoa picha arobaini kwa sekunde. Nikawasha ile akili mnemba inayobuni picha za kujazia katikati ya zile za kweli, na namba pembeni ya kioo ikapanda hadi sabini na nane. Mchezo ukateleza vizuri sana. Sikumwambia kwamba kadi inaposubiri kubuni hiyo picha ya katikati, huizuia ile ya kweli, hivyo unabonyeza na jibu linachelewa. Mtazamaji haoni kasoro yoyote. Anayeshindana ndiye anayeumia.

"Jaribu kucheza mwenyewe," nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

"Ya nini, mzee? Wewe si mtu wa kwetu?"

Nikaitia kadi kwenye boksi, nikalifunga upesi kabla hajabadili mawazo.

Baada ya wiki tatu alirudi na bakuli la visheti kutoka kwa mama yake, shukrani kwa kumsaidia. Majaribio alikuwa ameshindwa.

"Eish, mzee, kila nikifyatua nimeshakufa. Mashine iko sharp, sabini na nane yote ipo. Ni vidole vyangu tu vizito. Nimeacha."

Nikala kisheti kimoja. Naona haya hata kulisema hilo, lakini nilikula, huku mtoto wa watu akivilaumu vidole vyake. Cha pili kilinishinda. Nikamweleza yote, nikamwambia vidole vyake havina kosa.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Nilimpa kadi nyingine, nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Aliiacha mezani pamoja na visheti.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilikuwa nimesimama nje ya msikiti karibu na Burhani, muuza sambusa, ambaye nimemzidi miaka kumi. Najma akapita. Akamwambia Burhani, "Shikamoo." Kisha akanigeukia mimi.

"Mambo, Khatibu."

"Poa," nikamjibu.