Neno la Siri la Bi Kipimo

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bi Kipimo kwa sababu hakuandika kipimo cha mtu maishani mwake. Ukisimama mlangoni anakutazama mara moja, basi, gauni litakukaa. Mimi niliyefika la saba nilimsihi aandike. Alinicheka. "Dada, kuandika ni kazi ya wasahaulifu."

Binti yake wa pekee alipokuwa akifanya kazi mbali, kila asubuhi alimtumia mama yake sauti kwenye simu: kaamkaje, kala nini, bosi kanuna vipi. Kisha homa ikamchukua. Tukazika, zikabaki zile sauti. Bi Kipimo alizisikiliza huku akishona.

Siku moja mwizi wa mtandaoni akaingia kwenye akaunti yake, ile iliyohifadhi zile sauti, maana nywila yake ilikuwa moja kwa kila kitu. Fundi simu wa pale kona alihangaika mpaka akairudisha, akatushauri tuchague programu ya kutunza nywila. Itatunga zilizo ngumu, itazikumbuka yenyewe, na mdogo wangu atashika neno moja tu la kuifungulia.

"Zipo mbili nzuri," alisema. "Hii ukisahau neno lako, wenyewe watakufungulia. Hii nyingine hata wenyewe hawawezi."

"Mlango ambao jirani ana ufunguo wake, huo ni mlango au pazia?" mdogo wangu akauliza. "Nipe ya pili."

"Basi mama, neno liandike, ulifungie kabatini."

"Mwanangu, mimi sijaandika hata kiuno cha mke wa mwenye nyumba, na kile kilitaka ukurasa mzima!"

Tulicheka mpaka fundi akaangusha bisibisi. Nilipomwomba anitajie walau mimi, alisema mdomo wangu hauna pindo.

Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga. Miguu ilipona, maneno mengi yakarudi, lile halikurudi. Simu nayo ikadondoka kwenye ndoo ya maji, ikafa. Kwenye simu mpya akaunti ikadai nywila, nywila imo kwenye programu, na programu inadai neno. Ile njia iliyotuokoa mara ya kwanza, fundi mwenyewe alikuwa ameiziba ili mwizi asipite tena. Akawaandikia wenye programu. Walijibu kwa adabu kwamba hawawezi, ndivyo walivyoitengeneza.

Tumejaribu jina la marehemu, la mumewe, la mtaa tulikozaliwa. Kila asubuhi huniita, "Dada, leo nimelipata!" Naandika anachosema, inakataa. Siku hizi fundi simu akituona tunakuja, anainama kutafuta kitu chini ya meza.

Jana hakuniita. Nilimkuta ameketi kitandani, simu kaizima.

"Dada, sauti yake ilikuwaje?"

"Nyororo," nilimwambia.

Akafikiri sana. "Hapana. Haikuwa nyororo."

"Basi ilikuwaje, mdogo wangu?"

Akaiwasha simu, akaniwekea mkononi.