Siku Afande Alipoupa Mlango Mgongo

Simu imenikuta Mtito Andei, katika hoteli ya kando ya barabara kuu, ugali umeshaletwa na kuku bado. Ni mke wa Afande aliyepiga. "Dada, mzee ametuacha asubuhi," akasema, na dereva wa lori katika meza ya jirani akaendelea kugombana na mhudumu juu ya kachumbari. Sikulia. Nilijitazama tu nilivyokaa: mgongo ukutani, uso mlangoni, mkoba mbali na dirisha. Jamani! Aliyenifundisha kukaa hivyo ni huyo huyo marehemu, katika mji huu huu, na tangu siku hiyo sijawahi kula hotelini kwa namna nyingine. Kuku alipokuja sikuweza kumla. Nikaagiza chai, ikapoa, nikaagiza nyingine. Wewe unayenisoma umezoea kuniona nikianza safu hii na hoja iliyonyooka. Leo sina. Nitaandika kama mkono unavyotaka.

Nilikuwa mwandishi mchanga wa habari, nimetumwa kufuatilia shehena zilizokuwa zikitoweka kwenye malori kati ya hapa na Kambu. Yeye alikuwa mpelelezi wa jinai, mtu wa suti ya kijivu na viatu vilivyojaa vumbi, na watu wote walimwita Afande ingawa hakuvaa sare. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikiandika. Akasimama juu yangu. "Toka hapo. Utamwonaje anayeingia?" Nikahama, naye akakaa mbele yangu bila kukaribishwa, akamwita mhudumu. "Huyu kuku amechinjwa leo?" "Leo, Afande." "Leo saa ngapi?" "Asubuhi, Afande." "Jana jioni nilikuona ukimtoa kwenye friji." Maskini mhudumu akatamani ardhi ipasuke aingie. Nilicheka hadi machozi. Nilipomuuliza mbona asimwambie tu anaijua habari ya friji, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Mimi siulizi nisichojua," akasema. "Nikishajua, ndipo nauliza. Hapo namjua mtu." Siku ile niliona ni akili ya ajabu. Niliibeba kazini kwangu, ikanifaa miaka mingi, na mawaziri kadhaa hawatanisahau kwa sababu yake.

Alipokaribia kustaafu, mimi nikiwa nimeshakuwa mtu wa nyumbani kwake, walimpeleka semina. Alinisimulia mwenyewe. Kuna aliyewafundisha ufugaji wa nyuki, kuna aliyewaonyesha namna ya kujaza fomu za pensheni ili zisirudishwe, daktari akaja kuwaonya juu ya presha na chumvi, na mchungaji akafunga kwa maombi. Yote mazuri, wala sidharau hata moja. Afande alikwenda nyumbani Mukuyuni akayafanya yote kama alivyoambiwa. Michungwa akapanda, tangi la maji akajenga, mizinga akaning'iniza. Ukimtazama kwa nje ungesema huyu ndiye mstaafu wa kupigiwa mfano. Lakini kiti chake kilikaa barazani kikielekea lango, naye akakaa juu yake akiandama kwa macho kila pikipiki iliyopita. Halafu anainuka, anazunguka ua, anarudi, anainuka tena. Mkewe aliniambia, "Dada, huyu mtu amestaafu miguu peke yake." Siku ya soko alimkuta mama mmoja anauza nyanya. Nyanya hizi zimetoka wapi? Shambani. Shamba la nani? La mume wangu. Mume yuko wapi saa hii? Yule mama akafunika gunia lake akashika kiuno. "Wuui! Afande, unanunua nyanya ama unanishika?" Soko zima likaangua kicheko, naye akacheka pia, ila alirudi nyumbani bila nyanya. Baadaye kikundi cha maombi, kilichokuwa kikikutana kwake, kikapata sababu ya kuhamia kwingine. Watu wakaanza kumsalimia kwa mkono ulioinuliwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Hayo yangekuwa vichekesho tu kama si siku ya ntheo. Kwetu Ukambani ndoa huanza na mbuzi: upande wa kijana huwaleta, mmoja huchinjwa, pande zote mbili humla pamoja, na hapo msichana huhesabiwa mke hata kama kanisa bado. Binti yake wa pekee alikuwa amepata kijana wa Kitui, mpole, fundi wa umeme. Wageni wakaja wakiongozwa na shangazi aliyemlea kijana huyo, mama mfupi mwenye leso ya njano na sauti ya mtu aliyezoea kuanzisha nyimbo kanisani. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama wenzangu. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa unatokota, mbuzi keshachinjwa, nyama iko motoni, na dirisha la jikoni lilitazamana na hema. Huko nje wazee walikuwa wakitaniana vizuri. Ndipo nikamsikia Afande akikohoa, nami nikakijua kikohozi kile. Kijiko kikanisimama mkononi.

"Mama, baba ya huyu kijana yuko wapi?"

"Alitutoka, Mzee," shangazi akasema.

"Alitoka, ama alikufa?"

"Alikufa."

"Mlimzika wapi?"

"Nyumbani."

"Mchungaji alikuwa nani?"

Mama wa watu akatazama miguu yake. Afande akasema kwa sauti ile ile ya taratibu aliyomsemesha yule mhudumu wa Mtito Andei, "Mama, huyo mtu hajafa. Amefungwa. Hata jela yenyewe naijua." Alikuwa amewapigia simu vijana aliowafundisha kazi, wakamchimbulia ukoo mzima kabla wageni hawajaoga kuja. Shangazi akainuka, akajifunga leso upya. "Kama ulijua," akamwambia, "mbona uliniuliza?" Hakungoja jibu. Walitoka wote, wazee kwa vijana, kijana mwenyewe akiwa wa mwisho na kichwa kimeinama. Binti akaingia jikoni akachukua mkoba wake, akatoka akasimama mbele ya baba yake. "Baba, hao ni watu. Sio washukiwa." Akawafuata. Naye Afande akabaki akitugeukia mmoja mmoja sisi tuliotoka jikoni: "Lakini amedanganya! Si nyote mmesikia?" Tulikuwa tumesikia, na alikuwa amesema kweli tupu, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Nyama tuliipakua ikakosa mlaji. Mbuzi wawili waliobaki walikuwa bado wamefungwa kwenye mchungwa, wanakula majani ya chini.

Nimelifikiria jambo hili sana, na kila nikilifikiria nashikwa na hasira nisiyojua nimtupie nani. Tunamchukua kijana, tunamfundisha kutoamini mtu. Tunamlipa ili asiamini, tunampandisha cheo kwa sababu haamini, na sisi wengine tunalala usingizi mzuri kwa sababu hiyo. Halafu siku moja tunamnyang'anya kitambulisho cha kazi, tunampa saa ya ukutani, tunamwambia sasa nenda ukawe baba, jirani na mkwe. Kwa kutumia nini? Nyuki? Semina ilimfundisha kulinda mizinga, haikumfundisha kuamkuliwa. Wala si wapelelezi peke yao. Mwalimu mkuu mstaafu bado anatupanga foleni kwenye mazishi. Nami ninayeandika haya, kustaafu kwangu hakuko mbali, na jana nilipompigia mwanangu nilimuuliza kama amelipa kodi ya nyumba, nikiwa tayari nimeshampigia mwenye nyumba. Aka! Nilipokata simu nilizunguka sebule kama yeye alivyozunguka ua.

Binti hakupokea simu za baba yake msimu mzima wa mvua. Afande akawachunga wale mbuzi wawili yeye mwenyewe, kwa sababu hakuweza kuwauza wala kuwachinja, hawakuwa wake kamili. Ikamjia siku moja kwamba awarudishe Kitui na kuomba msamaha. Alishawafunga kamba mkewe alipotoka mbio. "Ukirudisha mbuzi wa ntheo umevunja ndoa! Unataka kumpelekea mtoto talaka kwa mkono wako?" Mtu aliyejua sheria zote za jinai akasimama pale na kamba mkononi kama mgeni wa nchi. Ikaamuliwa aende bila mbuzi, abebe sukari na majani chai, na kwa kuwa kwenda peke yake kungekuwa kama kwenda kukamata, mkewe akaniomba nimsindikize. Tulivuka Mto Athi, Afande akipangusa kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi. Akaniambia kwamba kwa simu moja tu angejua binti anaishi nyumba gani na ananunua mboga kwa nani. "Nimeshika simu mara nyingi," akasema. "Sikupiga." Nikaendelea kuendesha.

Shangazi alitupokea bila kicheko na bila matusi. Chumba kilikuwa na kiti kimoja kizuri, nacho kiliupa mlango mgongo. "Keti hapo, Mzee." Nilimwona Afande akikitazama kiti, akiutazama mlango, akiutazama ukuta ulivyo mbali. Akaketi. Mimi nilikaa kando, mlango nikiuona. Shangazi akakunja mikono. "Haya, Afande. Leo umekuja na swali gani?"

Akazungusha kofia magotini. Nje jogoo alikuwa akisumbua kuku. "Mama," akasema hatimaye, na sauti ile ya taratibu haikuwepo tena, "msichana wangu yuko mzima?"

Wakati huo nilikuwa nimeshamwona. Binti alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, ndoo ya maji mkononi, na shangazi alikuwa amenikazia macho nisithubutu kufungua mdomo.

"Hilo si langu kulijibu," shangazi akasema. "Mwenyewe yuko nyuma yako."

Nilidhani ataruka kwenye kiti. Hakugeuka. Kofia ilianguka sakafuni, naye akabaki ametazama mbele, akingoja kuambiwa jambo asilolijua. Ndoo ikawekwa chini. "Niko, Baba," binti akasema. "Niko tu." Ndipo mzee akalia, na mimi pia, na shangazi akatuacha tulie akaenda kuwasha moto wa chai. Mbuzi mmoja alichinjwa Mukuyuni mwezi uliofuata, akaliwa na pande zote mbili hadi mifupa. Siku hiyo Afande aliuliza swali moja tu tangu asubuhi, akizunguka na sinia: chumvi imetosha?

Sasa ameondoka, na wako wengine wanaokabidhi faili zao mwaka huu. Enyi mnaowaandalia semina, endeleeni na nyuki, lakini tengeni asubuhi moja muwafundishe kuuliza wasichokijua na kukaa kimya hadi wajibiwe. Sisi wengine tusingoje semina. Nimeinuka kwenye kiti changu hapa hotelini, nimezunguka meza, nimekaa upande ule mwingine, mlango uko nyuma yangu na mgongo unaniwasha vibaya. Namba ya mwanangu inaita. Akipokea nitamuuliza kama yuko mzima, na kwa kweli sijui atasema nini.