Maji ya Udongo na Pamba

Mjukuu wangu kaja likizo na vidude vya plastiki, vyekundu na vyeupe, akavichomeka pamoja mbele yangu. "Bibi, haya ni maji." Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Maji! Mimi niliyatengeneza kabla mama yake hajazaliwa.

Kaa nikusimulie. Ilikuwa miaka ile malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kugombania pamba yetu hapa Bariadi. Sabuni zilirudi madukani, lakini shule yetu haikuwa na kitu ila chaki. Mwalimu wa sayansi akasema, basi tutafinyanga. Tukachimba udongo mwekundu wa kichuguu. Donge kubwa, oksijeni. Vidonge viwili vidogo tukavizungushia pamba viwe vyeupe, ndiyo haidrojeni. Njiti za ufagio zikaunganisha. Langu lilikuwa zuri kuliko yote, sijisifu, ndivyo lilivyokuwa. Mwalimu akanichagua nilishike mbele ya mkaguzi. Kwetu msichana kusimama mbele ya mgeni lilikuwa jambo.

Nikalipeleka nyumbani likauke. Bibi yangu alikuwa akipepeta mtama, akauliza ni nini.

"Ni maji, bibi. Mwalimu kasema."

Mwaka huo mvua ilitugomea, mahindi yamejikunja kama masikio ya mbuzi. Bibi akatazama ile pamba, akaona wingu. Akalibeba donge, akaliweka ndani ya kijumba cha nyasi pale uani, kifupi, cha kufika kiunoni, mahali pa masamva, wazee wetu waliotangulia. Akanyunyizia maji ya unga. Kitu kikiingia humo hakitoki.

Nililia mpaka kamasi. Kesho yake mwalimu akaja mwenyewe.

"Mwadila, mayu," akamwamkia bibi kwa Kisukuma, habari za mchana, mama.

"Mwadila. Umefuata maji yako? Hayatoki."

"Mayu, ule ni mfano tu. Chembe za maji hazionekani kwa jicho, wala hazina pamba. Tumefinyanga ili watoto wapate pa kushika."

Bibi akamtazama kama ndama mjinga. "Na wewe unadhani baba yangu, mtu mrefu vile, anaenea kwenye kijumba hiki? Tumejenga ili tupate pa kumsemesha."

 Mwalimu akacheka, akaketi, akanywa togwa. Alipoondoka hakubeba kitu.

Siku ya mkaguzi nikasimama mikono mitupu. Mwalimu alikuwa amenifundisha: kunja ngumi, nyoosha kidole gumba na kile cha mwisho. Ngumi oksijeni, vidole haidrojeni. Nikaeleza yote, sauti haikutetemeka.

"Na kifaa chako kiko wapi?" mkaguzi akauliza.

"Kimekwenda kuomba mvua."

Darasa zima likaangua kicheko, mkaguzi naye.

Mvua ilikuja baadaye sana, sitakudanganya kwamba donge langu liliileta. Ilipenya nyasi, udongo ukayeyuka, zikabaki njiti na pamba chafu. Bibi akasema, "Umeona? Yamerudi kwao."

Darasa la saba ndilo likawa mwisho wangu. Bibi alipokufa kijumba kilianguka, hakuna aliyekijenga tena. Sote sasa ni watu wa kanisa, na pale uani limesimama tangi la plastiki. Kichuguu kimesawazishwa. Hata harufu ya ule udongo mbichi siisikii tena.

Lakini mvua ikianza kupiga bati, nasimama mlangoni, nakunja ngumi, nanyoosha vidole viwili. Ni mfano tu, najua. Bibi yangu haenei kwenye ngumi. Napata pa kumsemesha.