Kijani Ndani ya Pindo

Nilimshonea mfalme miaka sita, na hata leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Alikuwa Mfaransa, mwigizaji wa jukwaani. Ujana wake aliumalizia Paris katika tamthilia za kale za ushairi, zile za wafalme wanaokufa kwa ajili ya heshima. Alianza na mistari miwili ya mjumbe, akapanda mpaka kiti cha enzi. Kisha akaoa Mkongomani, akamfuata Toronto, na huku ufalme wake ukawa kumbi za kukodi zenye viti hamsini, nusu vitupu. Hakulalamika. Aliwaigizia watu ishirini kwa nguvu zilezile alizowaigizia elfu. Hilo nililiheshimu, na ndilo lililoniponza.

Mkewe, mteja wangu wa vitenge, ndiye aliyemleta kwenye chumba changu cha kushonea, North York. Alijitazama kwenye kioo, akasema bega la kushoto halikai sawa. Nikafumua. Akasema tena, nikafumua tena, huku namlaani moyoni. Mara ya tatu nikaona kwamba muda wote alikuwa sahihi.

Mwaka jana mikono ilianza kumtetemeka. Aliwaficha wote, lakini fundi anayekupima humfichi. Nikamwonea huruma. Nilikuwa na utepe wa kijani alioniachia mama, uliogusishwa kaburi tukufu la Karbala. Sisi Mashia wa Dar humfunga mgonjwa mkononi. Nikakata kipande, nikakishona ndani ya pindo la joho lake na dua juu yake, bila kumwambia.

Alikigundua nyuma ya jukwaa. Kumbe kwa waigizaji wa kwao kijani ni nuksi. Ukikivaa jukwaani unajiitia kifo. Mimi ningejulia wapi? Hakuniuliza. Alilifumua pindo kwa meno mbele ya wenzake, akautupa utepe wa mama yangu sakafuni, akaukanyaga.

"Umetaka kuniua," aliniambia.

Kisha akapanda jukwaani, pindo linaning'inia, akaigiza vizuri kuliko siku zote. Hilo nalo liliniudhi. Niliuokota utepe wangu, nikaufua kwa mkono, na sikumshonea tena. Kuomba radhi hakuomba. Sikutaka kusikia hata jina lake.

Miezi minne baadaye mkewe alikuja peke yake. Hata koti la baridi hakulivua.

"Dada, ile kitambaa yako ya kijani, iko ingine? Kesho banamupasua moyo. Ni yeye ananituma."

Yeye. Simu anayo, na ulimi anao, tena ulimi wa kulipwa. Bado alituma mjumbe.

"Imeisha," nikasema.

Alinishukuru, akatoka. Utepe ulikuwa kwenye droo ya cherehani, karibu na goti langu.

Mumewe hakurudi kutoka hospitali. Kwenye mazishi walitaja wafalme wote aliowaigiza, mmoja baada ya mwingine, nami nimekaa nyuma na hasira zangu. Najua utepe hauzuii kifo. Siku ikifika imefika. Lakini mtu yule mwenye kiburi, aliyeogopa kijani maisha yake yote, alikiomba. Mkewe ananiletea vitenge mpaka leo, na kila ninapofungua droo kutafuta uzi, naifungua kidogo tu, asije akaona.