Panya wa Nyumba ya Matanga

Mume wangu alipozikwa, dada yake alifika kwa treni, akatandika mkeka wake katikati ya nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi, hapa Elisabetvili, akaanza kutoa amri. Nisifagie. Nisivuke ua. Nisimwage damu ya kiumbe chochote mpaka siku atakayoninyoa nywele. Nikivunja mwiko, matanga yanaanza upya. Nilitii, kwa sababu nilimpenda marehemu na hizo zilikuwa desturi za kwao.

Lakini siku ya kunyolewa ikawa inasogezwa mbele. Matanga yakidumu, majirani wanaleta unga na samaki wakavu wa Pweto, na wifi alikuwa na tumbo la kupokea. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: aninyoe, aende kwao, nimlilie mume wangu peke yangu.

Nyumba isiyofagiwa inaita panya. Walikula makombo ya bukari, ugali wetu, kisha wakatoboa kikwembe kipya cha wifi cha kujifunga. Akanitupia kile kitambaa mapajani.

“Weye uko unaangalia tu? Bantu ya kwenu banakulaka panya. Uue, ukule.”

Kweli kwetu tunakula panya wa shamba. Wa nyumbani hatuli, naye alilijua hilo.

“Niue, wifi, kusudi matanga ianze upya?”

Akakinyakua kikwembe chake. Kama ndicho alichokitaka, siwezi kuapa.

Nikachukua ndoo, nikaipaka mawese kwa ndani, nikatia karanga chini, nikaegemeza ubao ukingoni. Panya walipanda kufuata harufu ya karanga, wakatumbukia, wakashindwa kutoka. Asubuhi walikuwa wamerundikana wanatetemeka. Sikuwapenda. Hata hivyo niliwawekea tonge na kipande cha kitambaa, maana kufa nilikuwa nimekuona vya kutosha mle chumbani alimofia mume wangu.

Mimi sikuruhusiwa kuvuka ua, kwa hiyo aliyepaswa kuwapeleka nje ni yeye. Alisema atawamwagia maji ya moto. Nikamwambia wametoka nyumba ya matanga, damu yao ni ileile, na sheria ni yake. Akabeba ndoo huku akinitukania mama yangu.

Mara ya kwanza aliwamwaga kwenye maharagwe ya jirani. Mchana wakarudi, mmoja nilimtambua kwa sikio lake lililochanika. Nikamwambia awapeleke mbali, ng'ambo ya kichuguu kikubwa kilicho nje ya kambi. Njia ya huko inapita bombani, na wanawake wanaochota maji walimwona kila asubuhi na ndoo yake iliyofunikwa.

“Mama, leo mboga gani?” walimwuliza wakicheka, maana walisikia panya wakikwaruza ndani.

Siku moja alirudi, akaibwaga ndoo mlangoni. Hakunitazama.

“Leta wembe.”

Alininyoa kwa hasira, akanikata juu ya sikio. Damu ikatiririka hadi shingoni, ikadondoka sakafuni. Aliitazama, nami nikamtazama yeye.

“Maliza, wifi,” nilisema.

Akamaliza. Kesho yake akapanda treni, na hatukuagana.

Nikafagia. Chini ya kitanda nilikuta kiatu cha kazi cha marehemu, ndani yake panya mama na watoto wekundu, wasio na manyoya bado. Nilikifunika kwa mkono, nikavuka ua, nikakibeba mwenyewe mpaka ng'ambo ya kichuguu. Nilikilaza majanini, nikakaa kando yake, nikalia.