Flashi ya Cherehani

Kwa miezi minane nilikuwa macho ya mtu, na ofisi nzima haikujua. Mimi ni mhudumu: nafagia, napika chai, napeleka majalada chumba hadi chumba, na funguo za stoo nazifunga kiunoni. Aliyekuwa akiyatumia macho yangu ni mpiga chapa wetu. Tunamwita Cherehani, kwa sababu ukipita mlangoni kwake ukasikia vidole vinavyokwenda, utadhani kuna mtu anashona suti ya bwana harusi na bwana harusi mwenyewe yuko nje anasubiri.

Presha ya macho ilimla polepole, kwanza pembeni, halafu katikati. Kuchapa hakukumshinda. Alifunzwa enzi za taipureta, na mwalimu wao alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa ili wasichungulie. Kilichomshinda ni kusoma. Maofisa wanaandika rasimu zao ovyo ovyo kwenye kompyuta, kazi yake ni kuzinyoosha, na huwezi kunyoosha usichokiona. Basi nikawa naingia na birika, nainama kama ninayemimina, namnong'oneza rasimu mstari kwa mstari. Huku chai ya wakubwa inapoa. Walilalamika kwamba siku hizi nimekuwa mzito.

Halafu nikaugua mgongo. Siku tatu tu! Cherehani akabaki peke yake, akajipa moyo, akachapa kwa kukisia. Barua ya zabuni ikamfikia mkandarasi ikianza na pole ya msiba kwa kuondokewa na baba mzazi. Baba wa watu mzima wa afya. Siri ikafumuka siku hiyohiyo.

Bosi wetu si mtu katili, lazima niseme ukweli. Ila anapenda sana kuonekana mtu wa haki, na mtu wa namna hiyo ukikaa naye vibaya ni hatari kuliko katili. Alimwita Cherehani kwenye kikao, mbele yetu sote, akasema kwa sauti ya upole, "Nakupa wiki sita. Unajua mashine zetu ni mbovu, leo uko hii, kesho uko ile. Ukinionyesha kwamba unaweza kufanya kazi kwenye mashine yoyote ya jengo hili bila macho ya mtu mwingine, utabaki. Ukishindwa, utastaafu mapema, kwa heshima zote."

Watu wakapiga makofi. Makofi! Kwa heshima zote! Nilitamani kumwagia mtu chai.

Cherehani alikuwa amebakiza miaka sita. Dada yake akampigia simu jioni, akamwambia apumzike, akae nyumbani amtunze mama yao. Mama mwenyewe hasikii vizuri, na humo ndani ni kelele mtindo mmoja, huyu haoni, yule hasikii, kila mmoja anamwita mwenzake kama wako ng'ambo mbili za mto. "Nikikaa nyumbani nitakuwa kiti," aliniambia kesho yake. "Mimi sijamaliza, dada. Siendi."

Akaanza na fundi wa kompyuta wa ofisi. Jina lake la kazini ni Haiwezekani, na alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Cherehani akamwomba amwekee programu ya kusoma kwa sauti kwenye mashine zote saba.

"Haiwezekani," akasema Haiwezekani, bila hata kugeuka. "Kwanza hakuna ruhusa. Pili mashine hizi zimechoka, ukiongeza kitu zinakwama. Tatu..."

"Ya tatu kaa nayo," Cherehani akamjibu, akaondoka akipapasa ukuta.

Aliyemfungulia njia ni mtu ambaye hajawahi kuonana naye ana kwa ana mpaka leo. Ni mpokea simu wa ofisi nyingine, mbali, asiyeona tangu utotoni. Walifahamiana kwenye kikundi cha simu ambamo wasioona hutumiana ujumbe wa sauti. Mtu yule ana sauti nene, na anacheka kabla hajasema jambo. Akamwambia, "Mama, mashine za watu usiziguse. Beba mfumo wako mfukoni. Chukua flashi, weka humo Linux nyepesi, ule mfumo wa kompyuta wa bure, ipunguze mpaka ibaki unachohitaji tu, uifundishe kusema. Ukifika kwenye mashine unachomeka, unawashia kwenye flashi. Diski ya ndani hujaigusa, na ruhusa ya nani unahitaji? Ukichomoa, hata alama huachi."

Nilikuwepo wakati ujumbe ule unasikilizwa. Cherehani aliurudia mara nne. Mara ya nne alikuwa anatabasamu kama aliyenong'onezewa umbea mtamu.

Kwenye stoo yangu kulikuwa na kompyuta ambayo Haiwezekani aliitupa. Nikaifuta vumbi, nikampa Cherehani ufunguo. Kila mchana wenzetu wakienda kula, yeye anaingia stoo, kati ya mafagio na makatoni ya karatasi, simu sikioni, mkate mkononi. Mpokea simu anasema hatua moja, naye anaitenda. Alipakua mfumo mdogo, akauandika kwenye flashi, akatenga sehemu ya kuhifadhi mambo ili mashine ikizimwa isisahau alichoirekebisha. Kisha akaanza kupunguza. Michezo, nje. Picha za mandhari, nje. "Mandhari ya nini mimi?" Madirisha yanayocheza, kicheza muziki, kalenda yenye maua, vyote nje. Faili alizipanga ya karibuni zaidi ikae juu kabisa, maana, alisema, mpiga chapa kila siku anaulizwa kazi ya mwisho. Na badala ya salamu ya mfumo akaweka yake mwenyewe.

Sauti ilipotoka mara ya kwanza niliruka. Kiswahili kilikuwa chetu, lakini kinasemwa kama na mtu mwenye pipi mbili mdomoni. Nikaipa jina la mke mwenza. Cherehani akacheka mpaka akakohoa. "Mwonee wivu tu. Huyu haugui mgongo."

Nilicheka naye, lakini nawaambia kweli, liliniuma. Nilikuwa nimezoea kuhitajiwa.

Wiki ya tatu mke mwenza akanyamaza. Cherehani aliwasha, akasubiri, kimya. Akazima, akawasha, kimya. Mimi naona kabisa maandishi kwenye kioo, mfumo umewaka vizuri, kila kitu kiko mahali pake.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, mbona. Naona..."

"Basi imekufa." Alikuwa ameondoa vitu vingi kwa mkupuo mmoja, na kumbe katika vile alivyodhani ni vya kicheza muziki, kimoja ndicho kilichobeba sauti yote.

Nikavuta kiti. "Ngoja nikusomee, tuone tunairudishaje."

"Toka, dada."

"Unanifukuza mimi? Kwenye stoo yangu?"

"Ukinisomea leo utanisomea mpaka nizikwe. Nakuomba, toka."

Nikatoka. Nilisimama nyuma ya mlango nikalia kwa hasira, na sikujua hasira yenyewe ni ya nani. Humo ndani nikamsikia akimwambia mpokea simu kwamba anafuta flashi yote na kuanza upya. Safari hii alikuwa akiondoa kitu kimoja, anazima, anawasha, anasikiliza. Anaondoa kingine, anazima, anawasha, anasikiliza. Ilimchukua siku saba za mchana. Nilihesabu kuwasha mara arobaini na moja, nikaacha kuhesabu. Alipomaliza, mfumo mzima ulikuwa mwepesi, na mke mwenza alikuwa hanyamazi hata umkemee.

Ikabaki shida moja. Kabla mfumo haujaamka, hakuna sauti ya kukusaidia, na kila aina ya mashine ina kitufe chake cha kuiambia iwake kutoka kwenye flashi. Basi Cherehani akapita ofisini akizipapasa mashine zote saba, pembe, matundu, kifuniko, akamweleza mpokea simu, naye akamtajia kitufe cha kila moja, akaviweka vyote kichwani. Nyumbani alifanya mazoezi kwenye ukingo wa meza, na mama yake akawa anapaza sauti, "Unapiga kinanda cha nani?"

Jumanne ya jaribio tulijaa ofisini kwa bosi. Tulidhani atachagua mojawapo ya zile saba. Akasogeza kiti chake akasema, "Mashine yoyote ya jengo hili, nilisema. Tumia hii yangu."

Ya nane! Hakuna aliyewahi kuigusa. Haiwezekani akatazama viatu vyake. Nikasogea na birika, nia yangu naijua mwenyewe, na Cherehani, ambaye haoni, akanyoosha mkono akaniambia, "Dada, kaa mbali. Leo sitaki chai."

Akaipapasa. Akachomeka flashi. Akawasha, akabonyeza kitufe cha kwanza. Mashine ikalia mlio wake wa kawaida, ule wa kila asubuhi. Amekosa. Akazima, akajaribu kitufe kingine. Mlio uleule. Bosi akakohoa, akatazama saa. Cherehani akazima tena, akapiga moyo konde, akabonyeza cha tatu.

Kimya. Hakuna mlio. Kimya kikaendelea, midomo yake ikihesabu. Thelathini. Arobaini. Nilikwisha kumzika.

"Haya, kazi," akasema mke mwenza, na pipi zake mdomoni.

Watu wakaguna. Haiwezekani alisema kitu, na nawaapia kilikuwa "inawezekana."

Bosi akajiweka sawa. "Vizuri. Humo ndani ya diski yangu kuna folda ya barua. Fungua ya juu kabisa, uisome." Kwake yeye barua hupangwa kwa herufi, na ya juu kabisa anaijua, ni ya ajira za walinzi. Alisahau kwamba huu haukuwa mfumo wake tena, na kwa Cherehani inayokaa juu ni ya karibuni zaidi.

Cherehani akashuka kwa vidole, akafungua. Mke mwenza akasoma, kwa sauti ya kila mtu, bila haya, mpaka alama za uandishi.

"Ijumaa. Mkato. Kwa mpiga chapa. Yah, nukta mbili, kustaafu kabla ya wakati. Baada ya jaribio lililofanyika mbele ya wafanyakazi, mkato, imethibitika kwamba huwezi kutekeleza majukumu yako. Nukta. Tunakuaga kwa heshima zote. Nukta."

Bosi aliichapa mwenyewe, jamani. Angempa nani? Mpiga chapa ni yuleyule anayefukuzwa. Ijumaa, siku nne kabla ya jaribio, aliketi kwenye kiti kile akaandika matokeo yake.

Nilimtazama Cherehani. Uso wake ulikuwa umekauka. Kisha akairudisha mikono kwenye kibodi, mahali pake.

"Mkuu," akasema, sauti ileile ya kila siku ya kazi, "tarehe imekosewa. Leo ni Jumanne. Nisahihishe, au nifute?"

Bosi akatutazama mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyempigia makofi.

"Futa," akasema.

Vidole vikapita mara moja. "Imefutwa," akasema mke mwenza.

Cherehani akazima mashine, akachomoa flashi, akaitia mfukoni. Akasimama, akapapasa njia yake mpaka mlangoni, akapita kando yangu, akanishika bega.

"Dada," akaniambia, "sasa niletee ile chai. Na leo naitaka moto."